Kilindi cha Yun-sin

Walikuwa wakigombania kaburi lake, na yeye mwenyewe amesimama jikoni anakaanga majani ya viazi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mumewe na mama mkwe wake hawakujisumbua hata kupunguza sauti.

"Mke wa mtoto wangu wa kwanza atalala makaburi ya ukoo wa Chung," alisema Bi Kiuk. "Nimekwisha mwonyesha mdogo wako mahali penyewe."

"Mama, mimi mwenyewe sitalala huko," alijibu Fuk-loi. "Nitalala kilimani, kwa watu wa kanisa. Sasa mke wangu alale kule, mimi nilale huku?"

"Huko kilimani wewe wamekukubali. Yeye wamemkubali?"

Fuk-loi akashika vijiti vyake vya kulia, akavilinganisha juu ya meza kana kwamba kimoja kimekuwa kirefu kuliko mwenzake. Bi Kiuk alijua amemgusa penye kidonda, akaendelea.

"Si mnasema mpaka mtu atoswe mtoni? Huyu hajatoswa. Kwa hiyo kwenu si mtu. Kwetu ni mtu, amenipikia miaka yote hii."

Chhiu-moi aliingia na sahani ya majani, akaitua katikati yao.

"Bado sijafa," alisema. "Kuleni, yanapoa."

Daktari wa mjini Kaohsiung hakuwa amesema kwamba atakufa. Alikuwa amesema uvimbe ule katika titi la kushoto umekaa sana, kwamba atamkata baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, na kwamba mambo mengine yatajulikana akishafungua. Kutoka pale hospitalini hadi nyumbani Chuk-pi, Fuk-loi alikuwa ametazama nje ya dirisha la basi bila kusema neno, na neno lake la kwanza walipofika lilikuwa: "Jumapili ya pili wanabatiza."

Sasa alilirudia, mama yake yupo hapo hapo anatafuna. "Ingia, Chhiu-moi. Ni jambo la dakika moja. Miaka mitatu unakwenda kanisani, nyimbo unazijua kuliko mimi. Unangoja nini?"

"Yesu ninamwamini," alisema mkewe. "Maji ndiyo siyaamini."

Bi Kiuk alitaka kucheka, lakini alipomtazama mkwewe usoni aliacha. Wote watatu walijua ni maji gani. Pale chini ya ukuta unaogeuza mto uingie katika mifereji ya mashamba palikuwa na kilindi cha kijani kibichi, na tangu siku mtoto wao alipozama humo, watu wa Chuk-pi walikuwa wamekipa kilindi kile jina la mtoto.

*

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya mwezi, ndiyo waliyokula mkate wa Bwana. Kanisa lenyewe lilikuwa ghala la zamani la tumbaku, na ukutani harufu ya majani makavu haikuwa imetoka bado. Waliobatizwa walikaa mbele. Wasiobatizwa walikuwa na benchi lao karibu na mlango, na kwenye benchi hilo Chhiu-moi alikaa na watoto wa watu, na mlevi mmoja aliyekuja kwa ajili ya chakula cha mchana.

Mama aliyebeba sinia la mkate alikuwa mtu mwema, na kwa wema wake hakutaka kumtia Chhiu-moi aibu ya kusogezewa kitu asichoruhusiwa. Alipofika kwenye benchi lile aliliinua sinia, akalipitisha juu ya kichwa chake. Chembe moja ya mkate ikadondoka, ikatua begani kwa Chhiu-moi. Yule mama aliiona. Akasita, hajui aiokote au aiache, mwishowe akaiokota haraka kama mtu anayemtoa mwenzake mdudu, akaila.

Mtoto aliyekaa pembeni akamnong'oneza Chhiu-moi: "Bibi, na wewe umefanya kosa gani?"

Baada ya ibada, watu wakivaa viatu barazani, Dada Khiu alimshika mhubiri mkono. Dada Khiu alikuwa mjane muuza tofu ya soya, mzee kuliko wote pale kanisani, na alikuwa ameamini kabla mhubiri hajazaliwa.

"Mhubiri, hebu niambie. Yule mwizi aliyesulubiwa pembeni, yeye alibatizwa lini?"

Mhubiri Yap alikuwa kijana bado, hajaoa, amevaa miwani. Swali hilo alikuwa amelijibu mara nyingi, lakini kabla hajafungua mdomo Fuk-loi alimtangulia.

"Mwizi alikuwa amepigiliwa misumari, Dada Khiu. Angeshukaje kwenda mtoni? Huyu wangu miguu yake iko huru."

Alilisema kwa sauti ya kuchekesha watu, na watu wakacheka. Chhiu-moi alikuwa ameinama anafunga ukanda wa kiatu. Hakuinua kichwa.

"Na asiye na misumari wala miguu ya kumleta?" aliuliza. "Mtoto wa miaka tisa?"

Kicheko kikakatika. Dada Khiu akatazama chini. Mhubiri Yap akaingiza mguu wa kulia katika kiatu cha kushoto, akauvuta, akauingiza tena kule kule.

*

Siku ya tatu yake mhubiri alikuja na pikipiki hadi kwenye banda la tumbaku la Fuk-loi. Ulikuwa wakati wa kuvuna. Chhiu-moi alikaa juu ya gunia, mikono myeusi kwa utomvu, akifunga majani mawili mawili kwenye fito za mianzi tayari kwa kukaushwa. Fuk-loi ndiye aliyemtuma Yap, na wote wawili walijua hivyo, kwa hiyo hawakupoteza muda kwa kuulizana hali.

"Mhubiri, nitakuuliza," alisema Chhiu-moi. "Unijibu kama mtu, usinijibu kama kitabu."

"Uliza, dada."

"Asiyebatizwa anakwenda wapi?"

Yap akakaa juu ya gunia la pili. Akaanza kueleza habari ya kuzaliwa mara ya pili kwa maji na kwa Roho.

"Nimesema usinijibu kama kitabu."

"Sina jibu jingine."

"Kwa hiyo mwanangu hayumo."

"Sijasema hivyo."

"Unasema kila Jumapili. Jina lake tu ndilo hujalitaja."

Yap akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Bila miwani alionekana mtoto. Chhiu-moi akafunga jani jingine na jingine, asimharakishe.

"Nilifundishwa habari za mlango," alisema Yap mwishoni. "Waliokufa kabla hawajaufikia, sikufundishwa. Sijui, dada. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

"Basi nikiingia mimi, nikaufunga nyuma yangu, yeye abaki nje anagonga?"

Upande wa pili wa banda kuni zilikuwa zikilia katika tanuri la kukaushia. Chhiu-moi aliweka ufito chini, na alipoanza tena kusema, hakumtazama.

"Unamjua Thien? Yule kibarua wa kwa Liu, mwenye watoto watatu."

"Namjua."

"Mwaka juzi aliteleza pale kilindini akivua samaki. Wakamtoa. Alipozinduka alisema kuna mkono mdogo ulimshika kifundo cha mguu. Mdogo, wa mtoto. Kijiji kizima walisikia. Wewe hukuwa umeletwa huku bado."

"Mtu aliyemeza maji husema mengi."

"Wewe ni mtu wa mjini. Sisi tumelelewa tukijua hivi: aliyekufa majini hatoki. Anakaa humo anangoja, mpaka apate mwingine wa kushika nafasi yake. Akimpata, ndipo anapoachiliwa." Alijifuta mikono kwenye sketi, na utomvu haukutoka. "Thien alipotolewa, watu wote walishukuru. Mke wake alipiga magoti palepale kwenye mawe. Mimi nilikwenda nyuma ya banda hili nikalia. Unajua nililia nini, mhubiri? Nililia kwa sababu amepona."

Yap akaivaa tena miwani.

"Angekufa yeye, Yun-sin angetoka. Ndivyo nilivyowaza. Na sikuwaza siku hiyo tu. Mkewe huniamkia sokoni, dada, dada. Mwaka jana waliniletea samaki. Nikampika, nikamla."

Mhubiri aliyekuwa amekuja na maandiko yake yamepangwa kichwani aliona yote yametawanyika. Alisema neno lililobaki, na alilisema kwa upole.

"Dhambi hiyo ndiyo ya kuiacha majini."

Chhiu-moi alimtazama. Kitu fulani kilitulia usoni mwake, na Yap, ambaye hakuwa mjinga bali alikuwa kijana, alikichukua kitu hicho kuwa ni amani.

"Basi nitabatizwa," alisema Chhiu-moi. "Lakini si pale kwenye mchanga mnapobatiza siku zote. Pale kilindini."

"Pale ni kirefu."

"Ukiwa umeshika ukingo wa ukuta maji yanafika kifuani. Mto si ni ule ule?"

Yap aliwaza kidogo. Akaona macho ya kijiji kizima yakitazama mahali pale wanapopaogopa, na mwanamke yule akitoka ndani yake akiwa hai, na jina la Bwana likitukuzwa. Akakubali. Alirudi kwake juu ya pikipiki akiimba.

*

Bi Kiuk alipata habari akiwa anaanika figili zilizotiwa chumvi uani. Fuk-loi ndiye aliyempa, na alikuwa na furaha, mkono wake umeshika kiuno kama mtu aliyekwisha lipa deni.

"Wapi?" aliuliza mama yake.

"Mtoni, Mama. Tunabatiza wapi sisi?"

"Nakuuliza mtoni wapi."

Alipoambiwa, alikaa chini kwenye kigoda. Figili moja ilikuwa bado mkononi, akaigeuzageuza.

"Mkeo haendi kubatizwa," alisema. "Anakwenda kubadilishana."

"Mama, mambo ya mizimu mimi nimeyaacha."

"Wewe umeyaacha. Yeye ameyaacha?"

Fuk-loi akasema anakwenda kutazama moto bandani. Bi Kiuk alibaki pale. Katika nyumba ile yeye na mkwewe hawakuwahi kuzungumza habari za mtoto. Siku ya msiba Bi Kiuk alikuwa ametamka mbele ya watu: "Mama gani anayepoteza mtoto mchana kweupe?" Neno hilo halikurudiwa tena, wala halikufutwa. Lilikaa mezani kila mlo, na wao walikula wakilizunguka.

Alimfuata Chhiu-moi kisimani, ambako alikuwa anasugua mikono kwa majivu.

"Unataka umtoe," alisema Bi Kiuk.

Chhiu-moi hakuacha kusugua. "Mama ndiye uliyenifundisha. Nilipokuja kuolewa hapa nilikuwa sijui habari za mto."

"Nilikufundisha ili uogope."

"Niliogopa. Sasa nimechoka."

"Na huyo Yesu wako? Si unasema unamwamini?"

"Namwamini." Akachota maji, akajimwagia viganjani. "Mama hujawahi kuingia kanisani, hujui wanachosema mle. Wanasema yeye hakuwa na kosa, akaenda mahali pa watu wengine, wao wakatoka. Kila wiki nasikia hilo. Wengine wanalisikia kama habari njema tu. Mimi nikilisikia naona kilindi. Yeye alikwenda badala ya wote. Mimi nishindwe kwenda badala ya mmoja? Nami nimekwisha oza titi, na Alhamisi pengine ndio mwisho wangu hata hivyo. Kifo hicho kipotee bure mezani kwa daktari?"

Wakati mkwewe anapita na ndoo, Bi Kiuk akaishika ndoo ile kwa mkono mmoja, wakaibeba pamoja hadi jikoni, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

*

Jumapili ilikuja na baridi na jua jeupe. Wabatizwaji wengine wawili, msichana wa shule na fundi baiskeli, walikwisha ingizwa pale kwenye mchanga na kutoka wakitetemeka. Kisha kanisa zima likapanda juu kufuata mto hadi kwenye ukuta. Habari zilikuwa zimeenea, na ng'ambo ya pili walisimama watu wa kijiji wasio wa kanisa, wengine wakiwa na vijiti vya ubani. Thien alikuwepo, mtoto mabegani. Alipomwona, Chhiu-moi aliinamisha kichwa, naye akamwinamia.

Bi Kiuk alikuja mwisho, peke yake, anatembea kwa fimbo juu ya mawe. Fuk-loi alipomwona mama yake pale, alivua viatu. Hakumwambia mtu sababu, na yeye mwenyewe hakutaka kuijua.

Yap aliingia kwanza, mkono mmoja umeshika ukingo wa ukuta, maji yakampanda hadi kiunoni, hadi kifuani. Akamnyooshea Chhiu-moi mkono. Chhiu-moi akaingia kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba anayoifahamu. Gauni lake likajaa hewa, kisha likalowa, likashuka.

"Unaamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, alikufa kwa ajili yako?" aliuliza Yap kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo.

"Naamini," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Kwao walibatiza mtu ameinamisha uso. Yap akaweka kiganja kisogoni mwake, akataja jina, akamzamisha. Nywele zake zikatandaa juu ya maji, kisha zikavutwa chini. Kiganja cha Yap kikabaki juu ya maji matupu.

Alikuwa amepiga mbizi. Alijisukuma kwa ukuta akashuka, akashuka, mpaka mikono yake ikagusa mawe, akalishika moja kwa mikono miwili. Kule chini baridi ilimkaza kichwa kama kitambaa kilichofungwa. Akafumbua macho. Maji hayakuwa ya kijani humo ndani. Yalikuwa ya rangi ya chai, na jua liliyapenya. Aliona changarawe. Aliona gome la mti, na samaki wadogo wamesimama wote wakielekea upande mmoja. Aliona mawe mengine, na nyuma ya mawe, mawe.

Nimekuja, alisema moyoni. Nishike.

Alinyoosha mguu mmoja ili ushikike. Akangoja. Kifua kilianza kumwaka. Juu yake, mbali, vitu vyeusi vilikuwa vikipiga maji, nayo ilikuwa miguu ya mumewe na ya mhubiri wakimtafuta. Kwenye mawe ya ukingo Bi Kiuk alikuwa ametupa fimbo, amepiga magoti, anaita kwa sauti iliyowagandisha watu wote: "Yun-sin, mwache mama yako. Njoo kwa bibi. Mwache mama." Chhiu-moi hakuyasikia hayo. Alisikia damu yake tu masikioni.

Hakuna kilichomshika. Aligeuka huku, akageuka kule, akapapasa chini ya jiwe kwa vidole, namna mtu anavyopapasa chini ya kitanda kutafuta kitu alichokuwa na hakika ameacha pale. Mchanga ukatimka. Ulipotulia, mahali palikuwa patupu. Yule ambaye yeye alimkimbia tangu msiba, akizunguka njia ya mbali ili asivuke daraja, yule ambaye kwa ajili yake alimtamania mtu mwingine kifo, hakuwepo. Pengine hakuwa amewahi kuwepo.

Akaliachia jiwe.

*

Fuk-loi ndiye aliyemdaka nywele alipoibuka. Walimtoa wakamlaza kwenye mawe, akatapika maji, akaanza kulia. Nusu ya kanisa wakaanza wimbo wa furaha, kwa sababu ndivyo walivyozoea, na nusu nyingine wakatazamana, wimbo ukafa njiani. Ng'ambo watu waliokuwa na ubani wakaondoka mmoja mmoja.

"Hayupo," Chhiu-moi alikuwa akisema. "Hayupo, hayupo."

Mhubiri Yap alichuchumaa mbele yake. Miwani ilikuwa imechukuliwa na mto, na midomo yake imegeuka bluu kwa baridi. Alikuwa amekwisha elewa, na kuelewa kule kulimzeesha.

"Dada, niambie kweli. Uliingia kubatizwa au uliingia kufa?"

"Sijui," alisema. "Vyote."

"Basi sijui kama nimekubatiza."

"Mhubiri." Dada Khiu alikuwa amemfunika Chhiu-moi kwa koti lake mwenyewe, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akitetemeka. "Si wewe unayetufundisha kwamba mtu anaingia humo kuzikwa? Sasa huyu ameingia kuzikwa. Sisi wengine tuliingia kulowa tu. Unataka nini zaidi?"

Fuk-loi, maji yanamchuruzika, alimshika Yap bega. Alikuwa mtu aliyetaka mambo yajulikane, na hofu ilikuwa bado usoni. "Imehesabika, haikuhesabika? Sema, mhubiri. Alhamisi iko hapo."

Yap alitazama kilindi. "Mimi nilitaja jina, nikamzamisha," alisema polepole. "Kutoka ametoka mwenyewe. Kilichotokea katikati sikukiona. Mimi sitamzamisha tena mtu huyu."

Walikula mkate mchana ule ghalani, kama kila siku ya ubatizo. Safari hii Chhiu-moi alikaa mbele, na mama wa sinia alimshushia mpaka mapajani. Alikula kipande chake chote, taratibu, kama mgonjwa anayeambiwa ale. Baadaye alitoka nje, akaenda hadi kwa Thien aliyekuwa anangoja watoto wake barabarani, akamwambia jambo. Liwe lipi, Thien hakumsimulia mtu, hata mkewe. Watu waliona tu kwamba alitikisa kichwa kukubali.

Alhamisi alikatwa titi la kushoto, akapona, akaishi miaka mingi, na kanisa lilisimulia hilo kwa wageni. Lakini jambo la jioni ya siku ile ya ubatizo halikusimuliwa, kwa kuwa walioliona ni wawili, na mmoja wao hakuwa mtu wa kanisa.

Lilikuwa hivi. Fuk-loi alikwenda bandani kuongeza kuni. Bi Kiuk alimketisha mkwewe mbele ya jiko, akasimama nyuma yake na taulo, akaanza kumkausha nywele. Zilikuwa nzito, zimejaa mchanga, na mchanga ulidondoka sakafuni kila alipozichana kwa vidole. Nje kulikuwa bado kuna mwanga.

"Neno nililosema siku ile," alianza Bi Kiuk.

"Mama, acha."

"Sikulisema kwako. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia, ukawa wewe ndiye uliyesimama karibu."

Kichwa cha Chhiu-moi kilikuwa kinaenda na mkono wa mzee, huku na huku.

"Ulitazama vizuri?" aliuliza Bi Kiuk.

"Nilitazama mpaka chini ya mawe."

"Na hayumo."

"Hayumo."

Bi Kiuk alikamua fundo la nywele, maji yakalia juu ya makaa. Siku ya msiba kuhani wa hekalu alikuwa ameiita roho ya mtoto kwa kengele pale ukingoni kutwa nzima, haikutoka. Thien alikuwa ametoka na pumzi zake. Hakuna mwingine aliyezama pale tangu siku ile. Mzee aliyapanga hayo yote kichwani, kwa hesabu yake ya siku zote, na hesabu haikukubali.

"Basi kuna aliyemtoa," alisema.

"Nani?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayekwenda kwake kila Jumapili." Akageuza kichwa cha mkwewe, akaanza upande wa pili. "Muulize."

Jiko lilikuwa limeshika moto vizuri, na mvuke ulikuwa unatoka mabegani kwa Chhiu-moi. Alifumba macho. Bi Kiuk alifikiri amesinzia, lakini midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, bila sauti, naye akaacha kuchana ili asimkatishe. Ilipotulia, mzee akamgusa.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Na mimi umeniulizia?"

"Nikuulizie nini, Mama?"

Bi Kiuk alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kama anakula," alisema.